Hao Wanaokuja Wanataka Nini?

Nilikuwa stendi ya Garsen nikisubiri gari la kwenda Malindi. Gari halikuwa limejaa, kwa hiyo halikuwa likienda popote. Jua la saa saba, bando limebaki kidogo, nikafungua gemu isiyohitaji intaneti: Kingdom Rush. Kama hujawahi kuicheza, pengine umecheza ndugu zake. Bloons, Plants vs. Zombies, zote ni za ukoo mmoja, ule ambao wachezaji wanauita tower defense. Unapewa njia. Maadui wanatokea upande mmoja, wanatembea kuelekea upande wa pili. Wewe unajenga minara kando ya njia ili iwapige kabla hawajafika mwisho. Basi, ni hilo tu.

Kwenye benchi, kando yangu, alikuwa ameketi mzee mmoja, fimbo katikati ya magoti. Muorma, nilikisia. Aliitazama skrini yangu bila kujificha, vile mtu anavyosoma gazeti la jirani kwenye matatu.

"Hao wanaokuja ni kina nani?" akauliza.

"Ni maadui, mzee."

"Wanaenda wapi?"

"Pale mwisho. Kwangu."

"Wanataka nini kwako?"

Nikafungua mdomo nijibu, nikakuta sina jibu. Gemu hii nimeicheza miaka. Nimeua maelfu. Ndiyo, ina hadithi ya mchawi anayetuma majeshi, lakini nani huisoma? Na hata ukiisoma, utajua mchawi anataka nini. Yule anayetembea njiani, mwenye rungu begani, yeye hana shida yoyote inayojulikana. Hana njaa, hana deni, hana mtoto mgonjwa. Anatembea tu.

"Wanataka kupita," nikamwambia.

"Kupita tu?"

"Eeh."

Akaguna. Kisha akauliza lile swali ambalo huko Garsen si swali la salamu tu: "Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Nairobi," nikasema.

Si uongo. Lakini si ukweli wote pia. Mama yangu ni Mpokomo, na bibi yangu analima kwenye ukingo wa Tana, si mbali na benchi lile. Nilijua nikisema hivyo maongezi yatabadilika kidogo, au labda ningebadilika mimi. Kwa hiyo nikarudi kwenye minara yangu. Na swali la mzee likabaki nami hadi Malindi, na halijaondoka mpaka leo.

Ngoja kwanza tuiangalie gemu yenyewe, kwa sababu uchezaji wake una falsafa hata kama hakuna aliyekusudia.

Katika Kingdom Rush unaanza na roho 20. Kila adui anayefika mwisho anakula roho, moja au zaidi. Kwa hiyo kupita kwa mwingine, kwa hesabu ya gemu, ni kufa kwako kidogo. Hakuna anayepita kwa amani. Hakuna kitufe cha kumuuliza. Na njia haijadiliwi: umeikuta imechorwa, huwezi kuihamisha wala kuipanua.

Halafu kuna pesa. Kila unayemuua anakuachia dhahabu, na kwa dhahabu hiyo unajenga mnara mwingine au unauboresha uliopo. Fikiria hilo vizuri. Uchumi wako wote unamtegemea adui. Asipokuja, hujengi. Ndiyo maana gemu inakuruhusu kuliita wimbi linalofuata kabla ya wakati wake, na ukiliita mapema unapewa dhahabu ya ziada. Mchezaji mzuri hamuogopi adui. Anamharakisha.

Niliwahi kuona jambo hili kama ujanja tu wa kushinda levo. Sasa hunikumbusha kila kiongozi anayehitaji "wao" ili "sisi" tumchague.

Turudi mtoni. Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, na unapokaribia bahari, kuanzia Garsen kwenda chini, unatawanyika na kuwa delta: mabwawa, nyasi, udongo mzuri. Wapokomo hulima kwenye kingo zake, ndizi, maembe, mahindi, mpunga. Waorma ni wafugaji, pamoja na Wawardei. Mvua ikinyesha mifugo huwa mbali huko bara. Kiangazi kikikaza, maji ya huko yanaisha na ng'ombe wanaletwa mtoni. Wafike wapi? Kando ya mto ni mashamba. Ndiyo maana kuna malka: njia za kuteremkia majini, zilizoachwa wazi kati ya shamba na shamba, ili ng'ombe wapite, wanywe, warudi.

Malka ni njia. Ina mwanzo na ina mwisho, na kando yake kuna watu wenye kitu cha kulinda. Ukiitazama kutoka juu, kama ndege au kama mchezaji, ni ramani ile ile ya simu yangu. Tofauti ni moja tu. Anayekuja kwenye malka tunajua anataka nini. Anataka maji.

Na njia hizi huzibwa. Wakati mwingine na miradi mikubwa: TARDA ilichukua eneo kubwa la delta kwa kilimo cha mpunga cha umwagiliaji, kisha mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yakauharibu mradi wenyewe. Lakini mara nyingi njia huzibwa polepole, na watu wa kawaida, mstari mmoja wa migomba kwa wakati.

Hapa inabidi niseme la nyumbani. Kando ya shamba la bibi palikuwa na malka. Babu, nasikia, hakuwahi kuigusa. Baada yake mjomba akaanza kupanda ndizi. Msimu wa kwanza upande huu, msimu wa pili upande ule, mpaka njia ikawa kichochoro. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wa kusomesha, na udongo wa malka, baada ya samadi ya ng'ombe wa miaka yote ile, ulikuwa mtamu kuliko wa shamba. Ndizi zile nimezila. Sehemu ya karo yangu ilitoka pale. Katika Plants vs. Zombies, gemu ya mwaka 2009, unapanda mimea kwenye bustani ili kuwazuia wanaokuja. Mjomba hakuwahi kuisikia gemu hiyo, lakini kucheza aliijua.

Mwaka 2012, alfajiri ya Agosti 22, kijiji cha Riketa, cha Waorma, kilivamiwa. Zaidi ya watu 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa zamu ya Chamwanamuma, kijiji cha Wapokomo, kisha Kilelengwani. Huko Kilelengwani waliuawa hata maafisa wa polisi. Mauaji yakaendelea hadi Januari 2013, na waliokufa kwa jumla walipita 100. Uchaguzi mkuu wa Machi 2013, wa kwanza chini ya Katiba mpya, na viti vipya vya kaunti, ulikuwa umebakiza miezi. Nilikuwa shuleni wakati huo. Mama alikuwa akisikiliza redio huku amesimama, hakai. Bibi alilala kwa watu Malindi kwa majuma kadhaa.

Watu wazima walipozungumza, nilikuwa nasikia neno moja: kujilinda. Wetu walikuwa wakijilinda. Baadaye, nilipopata marafiki Waorma chuoni, nikagundua kwamba neno lao lilikuwa lile lile. Nao walikuwa wakijilinda. Nimejaribu kumtafuta mtu mmoja ambaye katika kisa kile alijiona kuwa ndiye wimbi, ndiye anayekuja. Sijampata. Tana nzima ilikuwa minara.

Hili ndilo jambo ninalotaka kulisema kuhusu gemu hizi. Tatizo lake si ukatili. Minara ya katuni inayorusha mishale haijamfanya mtu yeyote muuaji, na sitaki kuwa yule mjomba wa WhatsApp anayelaumu simu kwa kila kitu. Tatizo ni kiti unachokalishwa. Unaanza ukiwa tayari mwenye nyumba, mwingine akiwa tayari mvamizi, na swali la jinsi mlivyofika hapo limeshafutwa kabla hujabonyeza kitu. Kiti hicho ni kitamu mno. Na kila mtu duniani, akiulizwa, atakwambia ndicho anachokalia.

Utasema: basi tubadilishe viti. Kuna waliojaribu. Mwaka 2011 kampuni ya Poland, 11 bit studios, ilitoa Anomaly: Warzone Earth, ambamo wewe ndiye msafara unaopita kati ya minara ya adui. Ni gemu nzuri na inafikirisha. Lakini ukiicheza unagundua kwamba kubadilishana viti hakutoshi. Sasa wewe ndiye unayekuja, na wao, walio kwenye minara, ndio wasio na shida yoyote inayojulikana. Swali la mzee limegeuka upande tu: hawa wanaolinda, wanalinda nini?

Iliyonisaidia zaidi ni gemu ya zamani kidogo, iliyochezwa kwenye kivinjari cha kompyuta: Desktop Tower Defense ya Paul Preece, ya mwaka 2007. Humo hakuna njia iliyochorwa. Unapewa uwanja mtupu, na minara yako ndiyo inayoichora njia. Unaweza kuwazungusha wanaokuja, kuwapeleka kulia, kuwarudisha kushoto, safari ya hatua kumi ikawa ya mia. Lakini kuna jambo moja huwezi kulifanya. Huwezi kuziba kabisa. Ukijaribu kuweka mnara utakaofunga upenyo wa mwisho, gemu inakataa. Inakuzuia wewe, mwenye nyumba.

Sababu ni ya kiufundi, najua. Wanaokuja wakikosa pa kupita, mchezo unakwama. Lakini ile ni sheria ambayo wazee wa Tana, gasa ya Wapokomo na wazee wa Waorma, walikuwa nayo kabla ya kompyuta yoyote: lima, zungushia ua, linda, lakini upenyo wa mwisho usiuguse. Anayekuja akikosa kabisa pa kupita, mchezo umekwama kwa wote wawili.

Sasa, hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Kuna wanaokuja kuua kweli. Waliofika Riketa alfajiri hawakuja kuomba maji. Mama aliyekuwa ndani ya nyumba yake siku ile hakuhitaji insha kuhusu malka. Alihitaji mtu mlangoni. Mwaka 2014, Mpeketoni, mbele kidogo kwenye barabara hiyo ya Lamu, waliokuja usiku hawakuwa na kiu ya mto wowote. Na hata mkulima wa kawaida ana haki yake: ng'ombe mia wakiingia kwenye mahindi usiku mmoja, chakula cha mwaka kimeisha. Sisemi tubomoe minara yote. Mtu anayekwambia usilinde chochote, mara nyingi hana cha kulindwa.

Ninachosema ni kwamba kazi ngumu ya maadili iko kabla ya mnara. Iko kwenye kumtambua anayekuja: huyu anataka maji, yule anataka damu. Gemu inakufundisha vitu vingi, subira, hesabu, kupanga mbele, lakini kazi hii moja imekufanyia tayari, tena vibaya. Imewapaka wote rangi moja. Na kwetu, kwa miaka mingi, mtu wa maji alitendewa kama mtu wa damu, hadi siku watu wa damu walipokuja kweli na hakuna aliyeshangaa. Hilo haliwaondolei wauaji hatia yao hata chembe. Mwenye panga ni mwenye panga. Lakini mimi niliyekula ndizi za malka siwezi kusema hadithi ilianza alfajiri ile.

Ninyi mlio Nairobi na Mombasa msidhani hii ni habari ya mashambani. Mtaa wako una geti. Kuna askari pale na kitabu cha kuandika majina, na kila siku kuna anayesimamishwa na anayepita bila kuulizwa. Unajua nani ni nani. Umewahi kuuliza wanaosimamishwa wanataka nini?

Mjomba alifariki miaka michache iliyopita. Nilikuwa Garsen siku ile nikitoka kumwona bibi, na tulikuwa tumezungumza kuhusu ile migomba. Nilipendekeza mistari miwili iondolewe. Bibi hakukataa, hakukubali. Alisema nimwache afikirie, kisha akanifungashia mkungu niende nao. Ulikuwa chini ya benchi, miguuni pangu, wakati nikimwambia mzee mimi ni wa Nairobi.

Kondakta alipoanza kuita abiria nilikuwa nimeshinda levo. Mzee alikuwa bado anatazama.

"Wameisha?"

"Wameisha, mzee."

"Sasa utapumzika."

"Hapana, inafunguka levo nyingine. Wanakuja tena, wengi zaidi."

Akainuka polepole, akishikilia fimbo yake.

"Pole," akasema. "Kazi kubwa hiyo."