Mbwa Mwitu 49 wa Mkomazi

Wapo wanaotamani kuacha kazi ya ofisini wajiajiri kutunza mbwa na paka wa watu, ila wanajiuliza: nani atanilipa kwa kumwogesha mbwa? Hofu hiyo ina haki yake. Kodi ya nyumba haingoji.

Lakini tazama Mkomazi, hifadhi iliyo karibu na Same. Mwaka 1989, Mkomazi ikiwa bado pori la akiba, alifika mhifadhi wa wanyamapori Tony Fitzjohn, baada ya miaka mingi ya kutunza simba na George Adamson huko Kora, Kenya. Akaanza kuzalisha mbwa mwitu ndani ya uzio. Kisha, kati ya mwisho wa 2000 na mwanzo wa 2001, ugonjwa wa distempa ukaua 49 kati ya 52. Mimi ningefunga virago. Yeye aliendelea, na baadaye mbwa mwitu wakaachiwa porini.

Basi nawe usikate tamaa: anza na mbwa wa jirani anayefukuza nyani shambani. Hakikisha amechanjwa kichaa cha mbwa na daktari wa mifugo. Na mwenye mbwa akikuuliza bei yako, itaje bila kuinamisha macho.