Amechoka kwa Isha, yuko macho saa saba



Ndugu Waislamu, kila unapokaribia mwezi wa Agosti hapa Dar es Salaam, wako watu wanaohesabu siku. Ligi Kuu ya Uingereza inarudi, vituo vya kulipia vinatangaza vichekesho vipya na makala mpya za wanyama na bahari, na wenye ving'amuzi wanatenga fedha za kifurushi kabla hawajatenga za unga. Mmoja wao ni kijana ninayemsomesha darasa la watu wazima baada ya Magharibi. Anauza vipuri Gerezani, si mtu wa maovu. Mwaka jana alinitajia kila kitakachoonyeshwa, siku na saa yake, kwa mpangilio ambao nilitamani ningeusikia siku ninapowauliza isnadi ya hadithi. Alipomaliza akaniuliza: "Ustadh, katika yote hayo, ubaya uko wapi?"

Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kelele. Wapo wahadhiri wenzangu wanaoiita televisheni sanduku la Shetani, kisha siku ya fainali wanaulizia matokeo kwa sauti ya chini. Mimi siifuati njia hiyo. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki ndani ya msikiti wa Madina, na Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bi Aisha kwa shuka yake ili awatazame, akasimama naye wala hakumharakisha, mpaka yeye mwenyewe aliposhiba kutazama. Sayyidna Umar alipotaka kuwatupia changarawe wale wachezaji, Mtume alimzuia. Basi anayesema kwamba kutazama mchezo ni dhambi kwa asili yake, na alijibu tukio hilo kwanza.

Makala za wanyama nazo nakiri kuzipenda. Wengi wetu tunaoishi Temeke na Magomeni hatujawahi kukanyaga Serengeti, ilhali watu wa London wanaijua. Nyumbu zaidi ya milioni moja wanaovuka mto Mara tumewaona kwa dishi. Nimewahi kufundisha Surat An-Nahl nikiwa nimetoka kutazama makala ya nyuki, jinsi nyuki mmoja anavyocheza ndani ya mzinga kuwaonyesha wenziwe upande na umbali wa maua. Karl von Frisch, mtaalamu aliyelifumbua jambo hilo, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1973. Mtangazaji hamtaji aliyempa nyuki ilhamu hiyo, lakini Muislamu aliyesoma sura anamjua, na makala inamwongezea imani. Kizuizi kiko wapi hapo?

Vichekesho vinataka uangalifu zaidi. Mtume (s.a.w.) alitania, na utani wake ulikuwa wa kweli. Ile hadithi ya kumwonya anayesema uongo ili awachekeshe watu sipendi kuitupia kila mchezo wa kuigiza, kwa sababu mtazamaji anajua fika kuwa ni maigizo. Linalonisumbua ni nani anayechekwa. Ukikuta kila wiki anayechekwa ni kilema, mshamba, mke aliyepigwa au mzee mwenye kofia na tasbihi, rejea Surat Al-Hujurat, pale Allah alipokataza watu kuwadharau watu wengine, huenda hao wakawa bora kuliko wao. Kwa hili rimoti inatosha.

Ubaya, kwa maoni yangu, tunautafuta mahali pasipo penyewe. Tunakagua picha na kusahau saa. Tangu msimu wa 2018/19 mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza saa 3 usiku kwa saa za huko. Kwetu ni saa 4. Ulaya wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, sisi hatubadilishi kitu, na mechi ileile inahamia saa 5 usiku. Kabla haijaisha ni karibu saa 7. Bado uchambuzi, bado ubishi wa kwenye simu, na adhana ya Alfajiri inakaribia saa 11. Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Wanazuoni wameeleza sababu: atakayekesha katika mambo yasiyo na haja ataipoteza Alfajiri. Wameruhusu elimu, mgeni na mke. Mpira wa kona haumo.

Wakumbuke waliokuwa na akili ya kutazama mwaka 2014. Kombe la Dunia lilikuwa Brazil, na Ramadhani ikaingia katikati yake. Tarehe 30 Juni Nigeria ilicheza na Ufaransa saa 1 usiku kwa saa zetu, wakati wa Isha na Tarawehe, na Algeria ikacheza na Ujerumani saa 5 usiku hadi dakika za nyongeza, ikapita saa 7 na nusu. Ilikuwa mwanzoni kabisa mwa Ramadhani, wakati ambao misikiti kwa kawaida hufurika hadi barazani. Walioacha safu usiku ule waliondoka bila Tarawehe, na timu zote mbili za Afrika zilitolewa.

Kuna hadithi ya Bukhari ambayo kwa swali la kijana wangu inatosha. Mtume (s.a.w.) alizungumzia wanaokosa jamaa ya Isha, akaapa kwamba lau mmoja wao angejua atapata huko mfupa wenye nyama nono, angehudhuria. Tazama jinsi maneno hayo yanavyoondoa udhuru. Mtu yule hakuwa mgonjwa wala hakuwa mbali. Miguu yake ilikuwa mizima, ila ilikuwa ikingoja mfupa. Sasa mtazame huyu wa mtaani kwetu. Saa 1:45 usiku amechoka, mgongo unamuuma, jua la Gerezani limemmaliza, anaswali nyumbani harakaharaka. Saa 5 mgongo umepona, yuko kwenye banda umiza amesimama kwa sababu viti vimejaa.

Na hapo sijataja kubeti. Siku hizi ukisema "mkeka" mbele ya vijana, hakuna anayefikiria msikiti. Kamari ni haramu, haina mjadala, naiacha hapo.

Shauku yenyewe si dhambi. Imepokewa kuwa wema waliotangulia walikuwa wakimuomba Allah miezi sita awafikishe Ramadhani. Walihesabu siku kama tunavyohesabu sisi, tofauti ni walichokingoja. Tena Bi Aisha alipotosheka siku ile, aliondoka. Kituo cha kulipia hakikuulizi kama umetosheka. Televisheni ya rangi ilipoanza Zanzibar miaka ya 1970 kituo kilifungwa usiku na watu wakalala. Hivi vya leo havilali, na kila kipindi kikiisha kingine kimeshaanza.

Kijana aliniuliza basi azime? Nikamwambia hapana. Makala na kichekesho havipungukiwi kitu kwa kungoja. Vinarudiwa mara tatu kwa wiki, na hakuna wa kumwambia nani kashinda kati ya simba na nyati. Hivyo vitazame mchana wa Jumapili pamoja na wadogo zako. Mpira nakubali haungojeki. Basi chagua. Katika mechi za mwezi mzima, zile ambazo kweli huwezi kuzikosa ni chache mno kuliko unavyodhani. Usiku wa mechi hizo, swali Isha kwa jamaa, lala, weka kengele ya saa 5. Ukishindwa kuamka kwa ajili ya mpira, alhamdulillah, utaamka kwa ajili ya Alfajiri.

Alicheka, kisha akanyamaza, kwa sababu tulikuwa tunajua wote wawili jambo ambalo sikulitaja. Kabla hajanunua dishi, yeye ndiye aliyekuwa akiadhini Alfajiri katika msikiti wetu, na sauti yake ilivuka hadi ng'ambo ya barabara. Siku hizi anaadhini mzee mmoja mwenye maradhi ya magoti, anayetoka kwake saa 10 na robo ili awahi. Ufunguo wa chumba cha kipaza sauti uko kwa mzee huyo, na nyumba yake ni ya tatu kutoka kwa kijana.