Dawa ya Mzazi na Haki ya Muuguzi

Ndugu yetu mmoja atuuliza: mamake ana saratani ya tezi ya shingo, na figo zake zimekufa, husafishwa damu kwa mashine. Akihofu daktari atakataa kumpa iodini itoayo mionzi, je, aifiche khabari ya figo?

Twajibu: asifiche. Iodini hiyo, iitwayo 131, hupoteza nusu ya nguvu yake kila siku 8. Na kwa mwenye figo nzima nyingi yake hutoka kwa mkojo. Asiye na mkojo hukaa nayo mwilini mpaka mashine imtoe. Akifichiwa daktari, kipimo huweza kumdhuru mama, na muuguzi wa mashine hupatwa na mionzi pasi na kujua. Huo si wema kwa mzazi, bali ni khiyana kwa wawili.

Wala ukweli haumfungii mlango. Wasafishwao damu hupewa dawa hiyo, kipimo kikikadiriwa na siku za mashine zikipangwa. Basi na awakutanishe matabibu wa pande zote mbili. Wakikataa, atafute kwengine, wala asiionee choyo mali yake.

Na kwanza amuulize mamake, kwani mwili ule ni amana aliyopewa yeye, si mwanawe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.