Mjane Akikuta Mlango Umefungwa

Somo: Luka 18:1–8

Mjane wa somo letu mnamjua. Hana mume, hana wa kumsemea, hana bahasha ya kupenyeza. Hakimu wake hamchi Mungu wala hawaonei watu haya. Silaha ya mama huyu ni moja: kurudi. Leo yupo, kesho yupo, hadi hakimu anachoka na kumpa haki yake.

Tumezoea kuhubiri hapa juu ya kuomba bila kukata tamaa, na ni kweli. Lakini tazameni tena: mjane yule alikuwa na mlango wa kurudia. Je, kama ungepigwa kufuli?

Mwaka 1981, wakuu wa Afrika walikutana Nairobi wakapitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Walikiri walilolijua wazee wetu: kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Anayeonewa na serikali yake anahitaji sikio la jirani. Ikazaliwa Tume kule Banjul, Gambia, na baadaye Mahakama, ambayo tangu 2007 iko Arusha.

Mchungaji Christopher Mtikila aliugonga mlango huo. Alidai Mtanzania aruhusiwe kugombea bila kudhaminiwa na chama. Mahakama Kuu ikamkubalia. Katiba ikarekebishwa ili kumzuia. Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge. Akaenda Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 majaji wa Afrika wakatamka kwamba haki yake imevunjwa. Mtikila alifariki 2015. Mgombea binafsi bado haruhusiwi.

Watazameni na Waogiek wa msitu wa Mau. Kenya haijatoa tamko la kuwaruhusu raia wake kuishtaki mahakamani hapo, basi wakapita mlango wa uani: walilia Banjul, na Tume ikaubeba mzigo wao hadi Arusha. Wakashinda 2017. Mwaka 2022 wakaamuriwa fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya. Novemba 2023 nyumba zao zikabomolewa tena. Nao bado wanarudi. Mjane ndiye huyo!

Sasa nisikieni, Watanzania. Novemba 2019 serikali yetu ililiondoa tamko lake, na baada ya mwaka mmoja raia hakuweza tena kufungua shauri jipya. Rwanda ilitutangulia 2016. Benin na Côte d'Ivoire zikafuata. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, tumempa kiwanja na ulinzi, na mwenyeji hakupona! Muuza ndizi wa Arusha anapita kwenye geti la Mahakama, lakini haki yake haina pa kuingilia.

Mtaniambia: hao ni wageni, wanatuingilia. Wageni gani? Jaji Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu wetu wa zamani na kasisi wa Kianglikana, alikuwa Rais wa Mahakama hiyo. Na kwa sheria yake, jaji hasikilizi kesi ya nchi yake mwenyewe. Nyani ameondolewa kitini, mnaogopa nini?

Enyi watawala, rudisheni tamko. Ni karatasi na saini tu. Enyi mawakili mnaokaa viti vya mbele kanisani, msingoje siku hiyo. Mahakama ya Afrika Mashariki nayo iko Arusha, na mkazi wa nchi mwanachama anaruhusiwa kuingia. Mwaka 2007 iliihukumu Uganda kwa kuvunja utawala wa sheria, baada ya askari wenye silaha kuizingira Mahakama Kuu ya Kampala na kuwakamata tena watu waliokwisha kupewa dhamana. Lakini mlango huo hukaa wazi miezi miwili tu tangu uovu utendeke. Ni wangapi wamechelewa kwa sababu sisi tuliojua tulinyamaza? Enyi wachungaji, litangazeni hilo pamoja na matangazo ya harusi na harambee.

Somo letu linaishia kwa swali: Mwana wa Adamu akija, ataikuta imani duniani? Imani ya somo hili ni mwanamke anayejifunga kanga alfajiri na kwenda tena kugonga. Basi Bwana akija, atatukuta wapi: nje pamoja naye, au ndani tukimshikia hakimu komeo?