Je, Ruhusa ya Mwenye Ardhi Inatosha?

Katika daftari langu kuna orodha ya vitu vya safari ya kupanda miamba, siku tatu na kulala mara mbili, kwenye ardhi ya mzee mmoja huko Teso, mashariki mwa Uganda. Orodha niliiandika mimi kwa sababu wenzangu sita walinichagua kuwa katibu, na katika kikundi chetu katibu ni yule asiyejua kukataa. Kamba mbili za mita 60. Mikanda ya kiunoni saba. Kofia ngumu saba. Karabina. Mahema matatu. Jiko la gesi. Maji. Sanduku la huduma ya kwanza. Kisha mstari wa mwisho, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Ajali ikitokea: wanakijiji."

Niliuandika mstari huo kama ninavyoandika chumvi au kiberiti. Siku mbili baadaye nilipousoma tena niliona aibu. Nilikuwa nimewaweka watu katika orodha moja na vyombo, chini ya sanduku la dawa, tena watu ambao sijawahi kuwaona. Immanuel Kant, ambaye sisi wanafunzi tunamtaja kwenye mitihani na kumsahau siku hiyo hiyo jioni, alifundisha kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama njia tu ya kufikia lengo la mwingine. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Daftari langu lilinipa sifuri.

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: mwenye ardhi akikuruhusu kuingia kwake, amekuruhusu nini hasa?

Niseme kwanza mahali penyewe. Teso ni nchi tambarare, lakini kuzunguka Kumi na Ngora miamba ya matale inachomoza kutoka ardhini kama migongo ya tembo. Mwamba unaojulikana zaidi ni Nyero, wenye michoro ya kale ya duara nyekundu. Jiwe letu si Nyero. Hakuna anayelipa kiingilio kuliona. Juu yake watu wanaanika mihogo na mtama, kwenye mashimo yake maji ya mvua yanatuama na mbuzi wanakunywa, na chini yake akina mama wanaponda kokoto za kuuza. Ukitazama kwa macho ya mpandaji unaona ukuta mzuri wenye urefu wa kamba moja. Mwenyeji anaona uanio, birika na duka.

Kisheria mambo si magumu sana. Ibara ya 237 ya Katiba yetu ya 1995 inasema ardhi ni mali ya raia wa Uganda, na inataja mifumo minne ya umiliki, ukiwemo wa kimila ambao ndio umeenea Teso. Ibara ya 244 inayazungumzia madini, lakini inayaondoa mawe ya kawaida ya kujengea katika maana ya neno hilo. Kwa hiyo jiwe la mzee si la serikali kama dhahabu. Wenzetu Watanzania, ambao ardhi yao yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake, wataona tumetofautiana, ingawa hata kwao huwezi kuamka asubuhi ukapiga hema kwenye shamba la mtu. Zipo nchi, kama Sweden na Uskoti, ambako mtu ana haki ya kutembea na hata kupiga hema kwenye ardhi ya mwingine akiwa na adabu. Kwetu hapana. Kwetu unapiga hodi.

Nasi tulipiga. Namba ya mzee tulipewa na mwanafunzi ambaye ni jirani yake. Mimi ni Mnyankole, Kiteso sikijui hata salamu, lakini mzee aliwahi kuwa mwanajeshi na Kiswahili chake ni cha kambini, kifupi, hakina mapambo. (Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Mzee huyu hakuingojea.) Nikamwambia, "Mzee, tunaomba kuja kupanda jiwe lako." Akacheka. "Jiwe? Pandeni. Hata mbuzi wanapanda."

Tulishangilia. Ruhusa imepatikana, tena imetoka kinywani mwa mwenyewe. Ila mzee alituruhusu kufanya jambo ambalo mbuzi wanafanya. Mbuzi wanapanda upande wenye mteremko. Sisi tulikuwa tunautaka upande wa mashariki, uliosimama wima na laini kama tumbo la chungu, usio na nyufa za kushikia kamba. Mpango wetu ulikuwa kutoboa matundu manane kwa keekee ya betri na kupigilia bolti za chuma. Kila tundu ni dogo kuliko kidole, lakini halizibiki tena. Litakuwepo mzee akiwa hayupo nasi tukiwa hatupo. Neno "kupanda" tulilitumia kwa uaminifu, naye akalipokea kwa uaminifu, na bado hatukuwa tumekubaliana chochote. Ruhusa ya mtu asiyejua anachokiruhusu ni kama sahihi kwenye karatasi tupu.

Upo mfano mkubwa wa jambo hili, ule wa Uluru huko Australia. Mwaka 1985 jiwe lile lilirudishwa mikononi mwa Waanangu, wenyeji wake. Kwa miaka mingi baada ya hapo kupanda hakukukatazwa na sheria. Palikuwa na maombi tu ya wenyeji kwamba wageni wasipande, kwa sababu mahali hapo ni patakatifu kwao, na pia kwa sababu mgeni akifia kwao wao ndio wanaobaki na huzuni. Watu walisoma maombi hayo wakapanda. Njia ilifungwa tarehe 26 Oktoba 2019. Sababu ile ya pili inanigusa kuliko ya kwanza. Mtu asiye na dini anaweza kuipuuza ya kwanza, lakini ya pili haihitaji imani yoyote.

Hapo ndipo nilipokwama na John Stuart Mill. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru anatoa mfano wa mtu anayetaka kuvuka daraja bovu. Kama hajui, Mill anasema, unaweza kumzuia umwonye. Akishajua na bado anataka kuvuka, basi mwache, hatari ni yake. Mwenzetu mmoja anayesoma sheria aliupenda sana mfano huu. Alisema tuandike fomu, kila mmoja atie sahihi kwamba ameikubali hatari, na hapo mzee atakuwa salama, kwani aliyekubali hatari hawezi kuja kushtaki.

Nilimuuliza swali ambalo Mill hakuliuliza: chini ya daraja anakaa nani? Mtu akitumbukia, wa kwanza kuingia mtoni si hakimu wala mwanafalsafa. Ni mvuvi aliyekuwa akitengeneza nyavu zake. Mjini unaweza kujidanganya kwamba hatari yako ni yako peke yako, kwa sababu kuna watu wanaolipwa kuibeba. Mbali na mji, hatari yangu ni ya yule aliye karibu nami, apende asipende. Fomu ingemlinda mzee na kesi. Isingemlinda na machela.

Mwenzangu mwingine alinipinga vikali, na hoja yake ni nzito kuliko ile ya fomu. Alisema mimi nimeharibiwa na vitabu. Kwetu Afrika mtu akianguka anabebwa, haulizwi. Huo ndio utu. Ukianza kuwaomba watu kibali cha kukusaidia unawatukana, unawafanya kama wachuuzi wa msaada. Waswahili wamesema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Nilifikiri juu ya hoja hiyo kwa wiki nzima. Nakubali kwamba wangetubeba. Lakini nadhani utu ni mali ya anayeutoa. Yeye anaweza kuutegemea moyo wake, mimi siwezi kuupangia bajeti. Nikiacha kununua machela kwa kuwa najua majirani ni wema, wema wao umenipunguzia gharama, na nimefanya hivyo bila wao kujua. Na Waswahili hao hao wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Safari yetu ilikuwa ya siku tatu kamili.

Tukakubaliana watu wawili waende kwanza. Tulipanda basi hadi Kumi, kisha bodaboda, tukiwa na sukari, sabuni na begi la vifaa. Chini ya mwembe tulivitandaza vyote mbele ya mzee tukaeleza kila kimoja, pamoja na keekee. Alichukua karabina, akaifungua na kuifunga mara kadhaa.

"Hii inabeba kilo ngapi?"

"Zaidi ya elfu mbili, mzee."

"Na wewe?"

"Sitini na tatu."

"Basi chuma hakitaanguka." Akairudisha kwenye turubai. "Wewe ukianguka, nani anakubeba?"

Sikuwa na la kusema, kwa sababu jibu lilikuwa ndani ya daftari mfukoni mwangu. Akatusimulia kwamba kuna mwaka jiwe lilimvunja mtu mguu pale chini. Walimlaza kwenye kitanda, watu wanane wakawa wanapokezana hadi barabarani. Ulikuwa msimu wa kulima. "Hakuna aliyekataa," alisema. "Lakini msiniambie haikuwa kazi." Kisha akaongeza kwamba mtu akifia kwake, si marehemu atakayeeleza. Kwa polisi ni yeye, kwa ukoo ni yeye, kwa baba wa kijana ni yeye.

Nilidhani anatukatalia. Badala yake alinyoosha mkono kuelekea kwenye jiwe. "Ardhi ni yangu. Lakini nendeni mkamuulize mama yule."

Mama yule ni mjane wa ndugu yake, na alikuwa ameketi kwenye kivuli cha gunia akiponda kokoto. Mzee alitutafsiria. Mama hakuuliza kamba ni nini wala kwa nini watu wenye akili wapande mahali pasipo na kitu. Aliuliza mambo mawili: je, kuna kinachoweza kudondoka kutoka juu? Na mtakuja siku gani? Tulisema ndiyo, jiwe dogo linaweza kudondoka, hata chuma. Na siku tuliyopanga ni Jumamosi. Akatikisa kichwa. Jumamosi lori linakuja kuchukua kokoto, siku hiyo wote wako pale chini na watoto wao. Sheria yote niliyoisoma, Katiba na ibara zake, haikuniambia kwamba kichwa kitakachokuwa chini ya kamba yangu ni cha mtu ambaye hati ya ardhi haimtaji.

Tulirudi na masharti. Matundu hapana. Upande wa mashariki hapana. Upande wa magharibi sawa, kwa sababu juu yake kuna mtini mkubwa na majabali mawili ya kufungia kamba, na chini hakuna anayefanya kazi. Mihogo ikishaanuliwa, ndipo tuje. Maji tubebe wenyewe. Lita 4 kwa mtu kwa siku, watu saba, siku tatu, ni lita 84, madumu manne na zaidi kidogo, na foleni ya kisima chao cha pampu tuliiona kwa macho yetu.

Yule mwenzetu wa fomu amejitoa. Alisema tulikuwa na ruhusa mkononi tukaenda kuomba nyingine mpaka tukapata katazo. Siwezi kusema amekosea kabisa. Upande wa magharibi ni rahisi, karibu ule wa mbuzi. Na kuna jambo jingine ambalo hakulisema yeye, nalisema mimi: kuuliza nako ni mzigo. Tulimkatisha mama yule kazi yake ili atuamulie michezo yetu, na muda huo hatukumlipa.

Mstari wa mwisho wa orodha nimeufuta. Mahali pake nimeandika gari litakalobaki nasi siku zote tatu pamoja na dereva wake, gharama iliyotula nusu ya pesa za chakula, na machela ya turubai na miti miwili. Machela tumeijaribu. Tulimlaza mwenzetu mwenye kilo 81 tukamzungusha uwanja wa riadha wa chuo. Mzunguko mmoja, mita 400, ardhi tambarare, watu wanne kwa zamu. Tulipumzika mara tatu, na watazamaji walidhani ni mazoezi ya maigizo. Kutoka kwenye jiwe hadi barabarani ni mbali zaidi ya hapo mara kadhaa, na njia ni ya ng'ombe.

Juzi jioni mzee alinipigia simu. Hakuuliza habari za kamba. Alitaka majina ya wazazi wetu na namba zao za simu, wote, kabla hatujafika. "Nisije nikatafuta siku hiyo," alisema. Nilimtumia majina na namba zote usiku ule ule. Mama yangu bado hajui kwamba namba yake iko huko.