Mjuzi wa Nyumba ni Nani?

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba nyumba njema si mlango. Mara nyingi twaitumia kuwasema watu, tukionya kuwa sura si tabia. Katika makala haya napenda tuirudishe kwenye nyumba yenyewe, kwani iko hoja inayozidi kuwakabili watu wa miji yetu: mtu akusudiapo kuikarabati nyumba yake, je, yafaa amwajiri msanifu wa mambo ya ndani, au apange mwenyewe pamoja na mafundi wake?

Kwa kuitazama juujuu, hoja hii ni ya fedha tu: aliye nazo ataajiri, asiye nazo ataacha. Lakini chini yake iko hoja nyingine, nayo ni ya maadili. Ni nani mwenye haki ya kusema nyumba iwe namna gani: yule aliyesomea, yule anayelipa, au yule anayeishi humo?

Haki yatutaka kwanza tuitambue kazi ya msanifu. Wako wadhanio kwamba yeye ni mchaguzi wa mapazia na basi. Sivyo. Msanifu aliyefunzwa vema hupima vyumba na kuvichora kabla nyundo haijainuliwa. Hujua dirisha lielekee wapi ili mwanga uingie bila joto la alasiri, mlango uwe na upana gani ili mgonjwa apitishwe, na rangi ipi hustahimili unyevu wa bafuni. Hujua kwamba mabomba na nyaya za umeme hutangulia lipu, na lipu hutangulia rangi. Na akiona ukuta unaobeba paa, humwita mhandisi. Asiyeyajua hayo hupaka leo na kubomoa kesho, akalipa mara mbili kwa kazi moja.

Haki yatutaka vilevile tujue namna alipwavyo. Wengine hutoza ada moja iliyokubaliwa, wengine hutoza kwa saa, wengine huchukua sehemu ya gharama yote, na wengine hupata faida katika vifaa wanavyomnunulia mwenye nyumba. Njia hizi mbili za mwisho si wizi, maadamu zimesemwa wazi. Hata hivyo, gharama ikipanda, ujira nao hupanda, na hapo ushauri na biashara huchanganyika. Basi kumwuliza mtu alipwaje si kumtukana. Ni kumpa nafasi ya kuonyesha uaminifu wake.

Wako wapingao kwa kusema kwamba babu zetu hawakuwa na wasanifu. Kauli hii haina ukweli wa kutosha. Tuzitazame nyumba za kale za Lamu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo hazipiti urefu fulani, vyumba vikawa virefu na vyembamba. Katika kuta za ndani mlitengenezwa zidaka, safu juu ya safu, kwa lipu ya chokaa. Kazi ile haikuwa ya kila mtu; ilikuwa ya mafundi wenye ujuzi wao. Kwa hiyo kuutafuta ujuzi wa mwingine si jambo geni kwetu. Tofauti ni kwamba fundi yule na mwenye nyumba walikuwa watu wa mila moja. Hapakuwa na haja ya kumweleza kwamba mgeni hupokewa barazani, wala kwamba chumba cha ndani ni cha wenyewe. Mila ilikwisha kutoa nusu ya maagizo.

Leo msanifu na mwenye nyumba huweza kukutana wakiwa hawajuani kabisa, na hatari yake si ya Afrika peke yake. Mwaka 1900, huko Vienna, msanifu majengo Adolf Loos aliandika kisa cha tajiri aliyemwachia msanifu mmoja nyumba yake yote. Kila kitu kilipangiwa mahali pake, hata ikawa tajiri hawezi kupokea zawadi za siku ya kuzaliwa kutoka kwa jamaa zake bila kukaripiwa na msanifu, kwa sababu nyumba ilikwisha kamilika. Loos mwenyewe alikuwa wa kazi hiyohiyo. Hakuwa akiwatukana wenzake, bali akiwaonya. Na lililosimuliwa kama mzaha karibu litokee kweli. Huko Marekani, katika jimbo la Illinois, daktari Edith Farnsworth alijengewa na Ludwig Mies van der Rohe nyumba yenye kuta za vioo pande zote, ikakamilika mwaka 1951. Wawili hao walifikishana mahakamani kwa sababu ya gharama, na mwenye nyumba akalalamika waziwazi kwamba haikaliki kwa raha. Leo wageni huenda kuitazama na kuisifu. Lakini wao huondoka jioni. Yeye ndiye aliyelala humo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tuje sasa hapa Uganda. Tuseme yuko mwalimu Mganda aliyestaafu, mkazi wa Masaka, amepata kiinua mgongo chake, naye ataka kuitengeneza nyumba aliyoijenga zamani. Msanifu amshauri aubomoe ukuta ulio kati ya sebule na chumba cha kulia, ili pawe na ukumbi mmoja mpana wenye mwanga. Katika mchoro, ukumbi huo wapendeza. Lakini kwa desturi ya Waganda, mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa kujitenga. Bibi yule ajapo kumwona binti yake, ataketi wapi? Ukuta ule uliodhaniwa kuwa kizuizi cha mwanga ndio uliokuwa ukiilinda heshima ya watu wawili.

Wepesi wa kuhukumu watasema: hayo ndiyo matunda ya kumleta mgeni, heri mwalimu angeamua mwenyewe. Mimi nasema tusiharakishe. Je, mwalimu huyo aijua nyumba yake yote? Apajua mahali anapokaa akisoma gazeti. Lakini jikoni, ambako moshi hujaa kwa kukosa tundu la kutokea, aliingia lini? Ajua mkewe hubeba maji hatua ngapi kutoka bombani? Ajua mama yake mzazi, mwenye miguu mibovu, hushikilia nini usiku akienda msalani? Mwenye mfuko wa fedha naye aweza kuwa mgeni katika nyumba yake. Methali ya kitanda yamhusu yeye sawasawa na imhusuvyo msanifu. Na hutokea mara nyingine kwamba msanifu mwema ndiye wa kwanza kumwuliza mpishi mahali pafaapo kuwekwa meza, jambo ambalo baba mwenye nyumba hakuliuliza kwa miaka 30.

Sisi walimu wa lugha twalijua jambo hili kwa kazi yetu ya kila siku. Mwanafunzi aletapo insha, mwalimu hodari husahihisha upatanisho wa sarufi, huonyesha aya iliyokaa pasipo pake, na huuliza: hapa ulikusudia kusema nini? Hafuti mawazo ya mtoto na kuandika ya kwake. Akifanya hivyo, insha yaweza kupata alama nyingi, lakini si ya mtoto tena. Wakati huohuo, mwalimu anayeacha makosa yote kwa kisingizio cha kuheshimu mawazo hajamheshimu mtoto, amemtelekeza. Msanifu wa nyumba yu katika hali hiyo hiyo.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kuajiri si kosa na kutoajiri si sifa. Panapo hatari, au palipo jambo lisilorudishika kwa urahisi, kama vile ukuta, maji, umeme na mwanga, ni busara kuununua ujuzi, hata kama uwezo wetu ni wa mchoro mmoja au mashauri ya siku moja. Lakini mahali pa kigoda cha mama, picha ya marehemu na mkeka wa watoto hapahitaji shahada. Na kwa kila hali, kabla ya kumwita msanifu au kumfukuza, wote waishio katika nyumba waketi pamoja, wapewe nafasi ya kusema, akianza yule ambaye hufanya kazi nyingi na kuulizwa kidogo. Fedha za kiinua mgongo haziji mara mbili. Ni dhuluma kuzimaliza zote katika sebule ya wageni huku jikoni moshi ukiendelea kuwaumiza macho wenyeji.