Kipimo cha Uongo na Amana ya Watu

Wasomaji wetu wa Kasulu na Kibondo hawahitaji kufundishwa habari za debe. Mtu wa kwetu akienda sokoni kununua maharage, hatazami kilele cha debe peke yake. Hutia mkono akapapasa mpaka chini, apate kujua kama kitako hakikubonyezwa kwenda ndani. Naye mwenye maharage hachukizwi, maana ndiyo desturi. Kadhalika mkulima aijua lumbesa, yaani gunia lililoongezwa kilele na kushonewa juu, likachukua jasho lake zaidi huku likihesabiwa gunia moja tu. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo huipiga vita. Hata asali ya Kibondo, mnunuzi mwenye akili huionja kwanza kabla ya kutoa fedha. Basi twajiuliza: mbona watu hawa hawa, walio hodari hivi mbele ya debe, hununua kwa simu chombo wasichokiona, kutoka kwa mtu wasiyemjua, kwa bei isiyoelekea kuwa ya kweli, wala wasitie mkono hata kidogo?

Chombo tunachokisema ni memori kadi, kile kipande kidogo kama ukucha kinachotiwa ndani ya simu, pamoja na ndugu yake flashi. Kazi yake ni kutunza picha, sauti na maandishi. Kipimo chake huitwa GB, kama vile kipimo cha maharage kilivyo debe. Saa moja ya picha za video za simu yaweza kuchukua GB 4 hata 8, kwa hiyo kadi ya GB 32 hujaa kwa saa chache, bali ya GB 512 yaweza kutunza kazi ya miezi mingi. Kwa umbo kadi hizo mbili ni sawasawa. Jicho haliwezi kuzitenga, wala mkono hauwezi kupima uzito. Mtu huamini maandishi yaliyo juu yake, na hapo ndipo mdanganyifu alipopata mlango.

Sisi tunaoandika haya tumekwisha kunaswa, kwa hiyo hatusemi kama watu wa kando. Katika kijiji chetu, upande wa Kasulu, tuliazimia kukusanya maneno ya wazee kabla hawajatutoka. Tulikwenda kwa wazee saba, tukakaa nao barazani, tukanasa sauti zao na sura zao kwa simu. Mmoja alikuwa bibi aliyepita miaka tisini. Alikumbuka zama za Mwami Theresa Ntare wa Heru, na jinsi wazee wake walivyokwenda Uvinza kuchukua chumvi na kurudi na mizigo kichwani. Alisema siku mbili. Mwisho akaimba wimbo wa kubembelezea watoto, ambao hata binti zake hawakuwahi kuusikia.

Simu ikajaa. Tukauliza dukani bei ya kadi ya GB 512, ikashinda mfuko wetu. Ndipo tukaona tangazo mtandaoni: kadi ya ukubwa ule ule kwa shilingi 15,000, bei isiyofika hata robo ya ile ya dukani. Mwenzetu mmoja akasema, "Jamani, bei hii ina namna." Tukamjibu, "Usiwe na roho ya kushuku watu. Labda ndugu huyu ana shida ya fedha." Tukatuma fedha, na kadi ikaja kwa basi. Tulipoitia ndani ya simu, simu ikatangaza GB 512. Tukanakili mazungumzo yote, tukafungua mawili ya kwanza, yakasikika vema. Basi tukayafuta katika simu ili tupate nafasi.

Baada ya miezi mitatu bibi yule akafariki dunia. Wakati wa matanga wanawe wakaomba wasikie sauti ya mama yao. Tukafungua kadi mbele ya watu. Jina lake lilikuwapo, na tarehe, na ukubwa wa faili, sauti haikuwapo. Katika wazee saba walibaki wawili tu. Mwanawe mkubwa, mtu mwenye mvi, akatuuliza, "Mwalimu, hata ule wimbo?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Tuseme sasa jinsi hila hii inavyofanyika, maana aijuaye mitego haanguki upesi. Ndani ya kila kadi mna kompyuta ndogo sana inayopokea mambo na kuyapanga. Mwaka 2013 mafundi wawili, Andrew Huang na Sean Cross, walionyesha katika mkutano wa Hamburg, Ujerumani, ya kuwa kompyuta hiyo yaweza kupewa amri mpya na mtu mwingine. Mdanganyifu hutwaa kadi yenye nafasi ya kweli ya GB 32 au pungufu, akaiamuru ijitangaze kuwa na 512, kisha huandika 512 juu ya ganda. Simu yenyewe haipimi. Huuliza tu, nayo huambiwa uongo. Nafasi ya kweli ikiisha, kadi haikatai. Huendelea kupokea, na yanayozidi hutupwa, au huandikwa juu ya yale ya zamani yakayaharibu. Orodha ya majina mara nyingi hukaa mwanzoni, katika nafasi ya kweli. Kwa hiyo majina huonekana hali vitu vyenyewe havipo. Ndilo debe letu lililobonyezwa kitako. Ila debe hili lina kinywa, nalo hujisifu kuwa limejaa.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 2010 Andrew Huang huyo huyo alieleza jinsi kadi mbovu zilivyoingia katika kazi ya kiwanda alichokihudumia huko China, zikiwa na alama za kampuni kubwa. Akazichunguza mpaka ndani, na kuyatangaza aliyoyaona. Ikiwa watu wa viwandani hupunjwa, mwalimu wa kijijini asione haya kusema naye alipunjwa.

Sasa twaja kwenye swali lililotusumbua tangu siku ile ya matanga. Je, aliyepunjwa hana kosa?

Kosa la mwuzaji ni wazi. Torati inamkataza mtu kuweka mfukoni mawe mawili ya kupimia, zito na jepesi, na kitabu cha Mithali chasema jinsi Mungu anavyochukizwa na mizani ya hila. Kadi hii ni mawe mawili katika ganda moja. Hapo hatuna la kubishana.

Lakini kitabu hicho hicho cha Mithali, katika sura ya 20, chatuonyesha pia mnunuzi anayekibeza kitu mbele ya mwenyewe, kisha akienda zake anajisifu kwa alivyopata. Basi hata mnunuzi ana jambo la kuulizwa. Turudi kwenye bei ya 15,000. Kitu cha thamani kikiuzwa chini ya robo ya bei yake, sababu zake ni chache. Huenda ni mali ya wizi. Huenda mwenye kukiuza amebanwa na shida, au hajui thamani yake. Huenda kitu chenyewe sicho. Tuzipime. Ikiwa ni ya wizi, sisi tulikuwa tayari kumsaidia mwizi. Ikiwa ni shida, tulikuwa tayari kula katika shida ya mwenzetu, na huku tukijiita wenye huruma. Ikiwa sicho, tulikuwa wajinga. Katika sababu hizo zote hakuna hata moja inayotupa haki ya kufurahi, nasi tulifurahi. Mfanyabiashara mwaminifu naye hupunguza bei, kwa kuwa bidhaa imekaa sana au kampuni imetoa mpya. Lakini hupunguza kwa kiasi, na ukimwuliza sababu atakuambia.

Watu wengine watatujibu kwa maneno mawili, nayo yafaa yasikilizwe.

La kwanza: "Maskini afanye nini? Bei rahisi ndiyo rehema yake." Neno hili lina uzito, maana twajua fedha inavyopatikana kwa jembe. Walakini kadi ya kweli ya GB 32 kutoka kwa mtu anayejulikana yaweza kununuliwa kwa fedha ile ile tuliyoipeleka kwenye 512 ya uongo. Hatukupotea kwa kukosa fedha; tulipotea kwa kutaka kikubwa kwa bei ya kidogo. Maskini ndiye hasa asiyeweza kununua kitu kimoja mara mbili. Wahenga walisema, bure ghali.

La pili: "Kushuku watu si upendo." Hili ndilo lililotuangusha sisi, kwa sababu lilifanana na wema. Tulimnyamazisha mwenzetu kwa neno zuri. Lakini turudi sokoni: anayetia mkono katika debe hakumtukana mwenye maharage. Kupima si kushuku moyo wa mtu. Ni kujua kilichomo ndani ya chombo. Tena tutofautishe imani na uvivu. Imani humtegemea mtu anayejulikana kwa matendo yake. Sisi hatukumjua mwuzaji wetu jina wala mahali. Tulichokitegemea ni hamu yetu tu, tukaipa jina la upendo.

Na juu ya hayo yote, liko lililo kubwa zaidi. Shilingi 15,000 zilikuwa zetu, na mtu ana ruhusa ya kucheza na chake akipenda. Sauti ya bibi haikuwa yetu. Alitupa tuitunze kwa ajili ya wajukuu wake. Mchukuaji wa amana hana ruhusa ya kubahatisha kama anavyobahatisha mwenye mali. Mtu akipewa mbegu za jirani azihifadhi mpaka mvua za vuli, akazitia katika kihenge kibovu kwa sababu kilikuwa rahisi, panya wakazila, je, atasema panya ndio wenye kosa? Panya wana lao, naye ana lake. Hivyo ndivyo tulivyokiri mbele ya watoto wa bibi: mwuzaji alituibia sisi fedha, lakini wimbo tuliupoteza sisi.

Palikuwa na jaribu la mwisho. Mmoja katika sisi alisema, "Tuiuze kwa mwingine kwa 10,000, hasara ipungue." Kadi ilikuwa ikijitangaza GB 512 kama siku ya kwanza, nani angejua? Twakiri ya kuwa tulinyamaza kidogo kabla ya kukataa. Hapo tukafahamu jinsi uongo unavyosafiri: si kwa waovu wakubwa peke yao, bali kwa waliopunjwa wanaotaka kurudishiwa chao. Kijana wa kibandani aliyezinunua kwa jumla huenda naye hakujua, asilaaniwe, aelezwe. Akielezwa na akaendelea kuziuza, basi amekwisha chagua upande. Kadi ile tuliikata kwa koleo.

Kuna watakaouliza kama serikali haiwezi kutulinda. Mwezi wa Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia, ikazitambua kwa namba ziitwazo IMEI. Lakini kadi haijiandikishi katika mtandao wa simu kama simu inavyojiandikisha. Haiwezi kuzimwa kutoka mbali. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ulinzi imebaki mikononi mwa mnunuzi.

Nao mkono wa kutia ndani ya debe hili upo. Kwa wenye kompyuta kuna programu za bure: H2testw, iliyotoka kwa gazeti la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't, na F3. Hujaza kadi yote, kisha huisoma tena, na kueleza ni kiasi gani kilirudi salama. Kazi hii yaweza kuchukua saa nyingi, na ifanywe kabla ya kutia kitu chochote cha thamani. Asiye na kompyuta aijaze kadi kwa nakala za video mpaka karibu na mwisho, halafu afungue za mwanzo, za katikati na za mwisho. Asifute za asili kwanza. Asiogope akiona kadi ya kweli ya GB 64 ikionyesha kama 59 au 60. Hiyo ni tofauti ya namna ya kuhesabu, si hila. Na kitu cha amana kisikae mahali pamoja tu. Kiwe na nakala mbili, katika nyumba mbili, tena kifunguliwe mara kwa mara na kusikilizwa.

Ndugu wasomaji, wazee wetu bado wapo, nao wanasema wakiulizwa. Sisi tulirudi kwa wale watano tuliowapoteza katika kadi. Wanne walikuwa hai, wakakubali kusema tena, na mmoja alitucheka sana. Kwa bibi hatukuweza kurudi. Binti yake mdogo hujaribu kuukumbuka wimbo ule, kwa kuwa siku ile alikuwapo barazani akichambua maharage. Amepata mistari miwili.